Kichwa cha simba, bendera ya hariri na vyeti vya viganja: vitu vya Wachina wa machimboni vitunzweje?

MlinziWaStoo

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wanaojua uhifadhi.

Makumbusho ni madogo, yapo kwenye mji wa machimbo ya zamani ya dhahabu, jimbo la Victoria, Australia. Yanaendeshwa na watu wa kujitolea: hakuna maabara, hakuna mhifadhi wa kuajiriwa. Familia ya wazao wa Wachina waliofika enzi za dhahabu imekabidhi vitu vilivyokaa ghalani miaka mingi. Viko hivi:

Kichwa cha simba wa kuchezwa, cha karatasi juu ya fito za mianzi, kimebandikwa vioo vidogo vidogo. Vioo kama ishirini vimedondoka na viko chini ya boksi, na taya la chini limening'inia upande mmoja. Kuna bendera nyekundu ya maandamano, ya hariri, urefu mita 2.4, imetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Imekunjwa mara nne na kwenye mikunjo hariri imeanza kukatika. Kuna taji la jukwaani lenye vipande vya manyoya ya buluu. Mitungi minne ya kahawia, mmoja una mdomo wa kumiminia. Sarafu 31 zenye tundu la mraba katikati. Na bahasha ya karatasi: barua za Kichina, picha, na vyeti viwili vyenye chapa ya kiganja kizima.

Wenzetu wana haraka. Mmoja anataka kubandika vioo kwa gundi ya dukani, mwingine anataka bendera ifuliwe, wa tatu ameshaandika lebo kwamba sarafu ni "za karne ya 18, ushahidi kuwa Wachina walifika mapema". Tuanzie wapi?

---

UziWaDhahabu

Msianze na vioo. Anzeni na wadudu.

Kila kitu kiingie kwenye mfuko wa polithini uliofungwa vizuri, kwenye chumba ambacho hakina mkusanyo mwingine, na kikae humo wiki mbili hadi nne. Wekeni mitego ya kunata pembeni ya ukuta. Mnachotafuta ni hiki: kwenye mianzi, matundu ya kama milimita moja na unga laini chini yake. Unga ukiwa mweupe na mpya, mdudu yuko kazini, bado anabungua. Tundu likiwa jeusi ndani na halitoi unga, huenda ni la zamani, lakini mfuko utawaambia ukweli baada ya wiki mbili. Kwenye manyoya na hariri tafuteni vifuko vya nondo na magamba ya buu. Kwenye karatasi iliyobandikwa kwa wanga, wale wadudu bapa wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani: wanakula gundi, karatasi inabaki kama imekwanguliwa.

Glovu za nitrili na barakoa muda wote. Siyo kwa ajili ya vitu tu, ni kwa ajili yenu. Vitambaa na manyoya ya zamani mara nyingi vilipuliziwa dawa zenye aseniki au DDT, na dawa hizo haziishi nguvu kwa kukaa ghalani.

Mkikuta wadudu, bendera (kama rangi yake haina tabaka la vanishi) inaweza kugandishwa: izungushiwe karatasi isiyo na asidi, itiwe kwenye polithini, hewa itolewe, ifungwe, iwekwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ikitoka, isifunguliwe kwa saa 24. Ukiifungua ikiwa baridi, hewa ya chumba inageuka maji juu ya hariri, na hapo mmejiletea balaa jingine.

Kichwa cha simba na taji MSIGANDISHE. Mianzi, karatasi, rangi na kioo havisinyai kwa kiwango kimoja. Rangi itapasuka na vioo vilivyobaki vitafuata vile ishirini. Kwa vitu hivyo njia ni kumnyima mdudu oksijeni: mfuko maalumu usiopitisha hewa, pakiti za kunyonya oksijeni, kipimo kiwe chini ya asilimia 0.5, joto kama nyuzi 25, wiki tatu hadi tano. Ni kazi ya kumwita mhifadhi, lakini siyo ghali kama watu wanavyodhani.

Sasa bendera. Mchukue kioo cha kukuzia mtazame uzi wa dhahabu kwa karibu, ndipo mtaelewa kwa nini haifuliwi. Ule siyo waya. Ni utepe wa karatasi nyembamba uliopakwa udongo mwekundu, juu yake jani la dhahabu, kisha ukazungushwa kwenye uzi wa hariri. Wala haukushonwa kwa kupenyezwa ndani ya kitambaa: umelazwa juu, mara nyingi nyuzi mbili mbili sambamba, ukashikizwa kwa mishono midogo ya uzi mwingine wa rangi. Maji yakigusa, karatasi inavimba, udongo unayeyuka na dhahabu inaondoka nao. Zaidi ya hapo, hariri nyingi za Kichina za kuanzia miaka ya 1870 zilitiwa rangi za viwandani. Zambarau na waridi kali ndizo mbaya zaidi: zinachuja kwa tone moja la maji, na kwenye jua zinapauka.

Kusafisha ni hivi. Mashine ya kunyonya vumbi yenye kichujio kizuri, nguvu ya chini kabisa, mdomo wake umefungwa kitambaa cha wavu. Usiuburute juu ya tarizi. Uinue na kuushusha, kipande kwa kipande. Kitambaa cha wavu kitazuia uzi uliolegea usimezwe. Palipokatika pasiguswe.

Kukunja kuishe leo. Tafuteni mrija wa kadibodi wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, mrefu kuliko upana wa bendera kwa sentimita 10 kila upande. Uzungushieni karatasi ya poliesta (kadibodi ina asidi), kisha karatasi isiyo na asidi. Bendera izungushwe TARIZI IKIWA NJE. Watu wengi hukosea hapa: wakiweka tarizi ndani wanadhani wanailinda, kumbe nyuzi zinabanwa na kujikunja. Juu yake funikeni kwa marekani iliyofuliwa mara mbili bila sabuni yenye manukato wala wanga, mfunge kwa utepe mpana wa pamba. Uning'inie kwenye fito usikalie uzito wake. Lakini kama mikunjo imeshakatika kiasi cha kuachana, msizungushe kabisa. Ilazeni bapa mpaka mhifadhi aione.

Kuhusu taji: yale manyoya ya buluu karibu kwa hakika ni ya mdiria, yaliyokatwa vipande na kubandikwa juu ya bati au karatasi ya dhahabu. Buluu ile inatokana na umbo la unyoya wenyewe, siyo rangi iliyotiwa, ndiyo maana bado inang'aa wakati hariri jirani imepauka. Adui zake ni mkono wa mtu na buu. Tengenezeni boksi, taji lishikwe kwa msingi wake tu, pasiwe na karatasi inayogusa manyoya.

---

SarafuNaVigae

Ile lebo ya sarafu iondoeni kabla mgeni hajaipiga picha.

Sarafu za tundu la mraba zilitengenezwa kwa kumimina shaba iliyoyeyushwa kwenye kalibu, siyo kugongwa chapa, na ziliendelea kutumika miongo mingi baada ya mfalme aliyezitoa kufa. Za wafalme Kangxi (1662–1722) na Qianlong (1736–1795) zimejaa kwenye maeneo ya machimbo ya miaka ya 1850 na kuendelea. Sarafu inakuambia haikutupwa KABLA ya mwaka fulani. Haikuambii ilifika lini. Isitoshe, madukani Victoria haikununua kitu. Ilitumika kwenye hirizi, kwenye mapambo, na sana sana kwenye fan-tan, mchezo wa kamari: mchezeshaji anafunika rundo, watu wanaweka dau, kisha anaondoa nne nne kwa kijiti mpaka zibaki moja, mbili, tatu au nne, na hicho kinachobaki ndicho kinachoshinda. (Zenu 31 zinabaki tatu.)

Kusoma: herufi ya juu na ya chini ni jina la utawala, ya kulia na ya kushoto ni "tongbao", yaani fedha ya mzunguko. Nyuma kuna maandishi ya Kimanchu yanayotaja karakana. Pigeni picha pande zote mbili mwanga ukitoka ubavuni, herufi zilizolika zitajitokeza.

Msizisugue. Wala ndimu, wala siki, wala ile dawa ya kung'arishia shaba. Kutu ya kijani kibichi iliyokolea na laini ni ngozi yake, iacheni. Ya kuogopa ni madoa ya kijani mpauko yanayotoka unga ukiyagusa kwa sindano: huo ni ugonjwa wa shaba, unasababishwa na chumvi ya kloridi pamoja na unyevu. Yenye madoa hayo itengwe, iwekwe kwenye kontena la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na chembe za silika (zile zinazonyonya unyevu), unyevu ushuke chini ya asilimia 40. Na zile bahasha laini za plastiki za wakusanya sarafu, zile za PVC, tupeni. Zinatoa asidi taratibu na zinaacha utando wa kijani unaonata.

Mitungi: wenye mdomo wa kumiminia begani ulikuwa wa sosi ya soya. Wenye tumbo la mviringo na shingo iliyofunuka kama tarumbeta ni chupa ya pombe. Wenye mdomo mpana ulibeba vyakula vya chumvi, mboga au maharage. Ni vyombo vya bei rahisi vya kusafirishia kutoka Guangdong, jimbo la kusini mwa China, na maumbo yake yalibadilika kidogo sana kwa miaka mingi, kwa hiyo mtungi peke yake haukupi mwaka. Ndani msioshe. Mabaki yaliyoganda chini, kizibo cha udongo, kipande cha lebo nyekundu begani, hivyo ndivyo vyenye habari, na vyote vinaondoka na beseni moja la maji ya moto.

Mkipata vigae vya bakuli, mafundi wa fani wana majina ya michoro: Mianzi, Furaha Maradufu, Majira Manne, Kijani cha Baridi. Tumieni majina hayo hayo kwenye daftari ili anayetafuta aweze kulinganisha na maeneo mengine.

---

MsomaMakaburi

Kwenye sanduku lote hilo, bahasha ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo itakayoachwa mwisho kwa kuwa haing'ai. Simba bila karatasi ni pambo tu. Karatasi ndizo zinazosema simba alikuwa wa nani.

Vile vyeti vya kiganja ni vyeti vya kusamehewa mtihani wa imla. Chini ya sheria ya kudhibiti uhamiaji ya 1901, ofisa wa forodha aliweza kumsomea anayeingia maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua ofisa, ayaandike. Lugha ilichaguliwa ili ashindwe. Mchina aliyekuwa tayari anaishi Australia na anataka kwenda kwao kuoa au kuona wazazi alichukua cheti hiki kabla ya kuondoka ili akirudi asipewe mtihani. Kina picha ya mbele na ya ubavu, umri, urefu, alama za mwilini, jina la meli, na chapa ya mkono. Mtihani ulifutwa 1958.

Kosa la kwanza la lebo: kusoma tarehe ya cheti kama tarehe ya kufika. Cheti cha 1912 maana yake mtu huyo AMEONDOKA 1912. Alifika kabla, pengine miaka 30 kabla. Nakala zilikuwa mbili, moja ilibaki forodhani. Kwa hiyo tafuteni pacha wake kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Australia. Za Sydney zipo kwenye mfululizo ST84/1. Za Melbourne nyingi zimo kwenye barua za forodha, mfululizo B13. Mara nyingi kwenye faili la forodha kuna barua za wadhamini, na humo ndimo mnapata kazi ya mtu, mtaa wake, duka lake.

Majina sasa. "Ah" siyo jina la ukoo. Ni kitangulizi cha kumwita mtu kwa ukaribu, karani Mwingereza akaliandika kama jina la familia, na wajukuu wakabaki nalo. Chan, Chin na Chun yanaweza kuwa ukoo mmoja ulioandikwa kwa masikio tofauti. Na wafanyabiashara wengi walijulikana kwa jina la duka lao, kwa hiyo "bwana fulani" kwenye gazeti huenda ni ubao wa duka lenye wabia wanne. Kwenye daftari jina lisirekebishwe: liandikwe kama lilivyo kwenye karatasi, herufi za Kichina pembeni, kisha tahajia nyingine.

Kosa la pili: kutafuta kila mtu kwenye orodha za meli za Melbourne. Sheria ya Victoria ya 1855 iliweka kodi ya pauni 10 kwa kila Mchina anayeshuka, na meli isibebe zaidi ya mmoja kwa kila tani kumi. Manahodha wakawashusha Robe, Australia Kusini, hasa 1857, watu wakatembea zaidi ya kilomita 400 hadi machimboni. Waliopita njia hiyo hawako kwenye orodha za Melbourne hata mkeshe. Kituo cha Gum San pale Ararat kimejengwa juu ya historia ya kundi moja la watembeao hao.

Miaka ya Kichina kwenye barua na makaburi inahesabiwa kwa utawala. Andikeni hii ukutani:

Chukua namba ya mwaka wa utawala, kisha, Xianfeng: ongeza 1850. Tongzhi: ongeza 1861. Guangxu: ongeza 1874. Jamhuri: ongeza 1911.

Kwa hiyo Guangxu mwaka wa 21 ni 1895. Mwezi wa 11 au wa 12 wa Kichina unaweza kuangukia Januari au Februari ya mwaka wetu unaofuata, ndipo pale tarehe ya kaburi inapogombana na ya cheti cha kifo. Barua ikitumia mzunguko wa miaka 60 tu, bila utawala, jibu ni zaidi ya moja: jiazi, mwaka wa kwanza wa mzunguko, ni 1864 na tena ni 1924. Hapo mtaamua kwa karatasi, stempu na maudhui.

Kwenye kaburi, safu ya katikati ni jina, kulia kwa kawaida ni wilaya na kijiji, kushoto ni tarehe. Wengi wa Victoria walitoka See Yup, wilaya nne: Sunning, Sunwui, Hoiping na Yanping. Sunning ilibadilishwa jina kuwa Taishan 1914, kwa hiyo barua inayosema Taishan ni ya baada ya hapo. Kijiji ndicho ufunguo. Ukishakuwa na kijiji, wazao wanaweza kuuliza kule kwao. Ukiwa na "China" tu, huna kitu.

Utunzaji wenyewe ni mwepesi. Toa pini na stapla, usiondoe bahasha wala stempu, kila karatasi ndani ya folda isiyo na asidi, namba kwa penseli ya 2B nyuma yake. Wala msitumie mkanda wa plastiki kuunga palipochanika. Barua isomwe na mtu anayejua mwandiko wa wakati ule. Kujua Kichina cha leo peke yake hakutoshi.

---

MlinziWaStoo

Shukrani sana wakuu, lebo ya sarafu imeshatolewa. Bendera imelazwa bapa maana mkunjo mmoja umeachana kabisa.

Limezuka jingine. Kamati ya sherehe za mji inataka kichwa cha simba kitoke kwenye maandamano mwaka ujao. Wanasema joka la Bendigo, mji mwingine wa dhahabu hapa Victoria, ni la zamani kuliko hilo na linatembezwa kila Pasaka. Nijibu nini? Halafu mwanga wa kabati na namba za usajili tufanyeje?

---

PasakaBendigo

Wameambiwa nusu ya habari. Majoka makubwa ya Bendigo ni matatu.

Loong ndiye mzee. Alikuwapo kwenye sherehe za shirikisho (makoloni ya Australia kuungana kuwa nchi moja) kule Melbourne 1901 na alitembea kwenye maandamano ya Pasaka ya Bendigo, ambayo yalianza 1871 kuchangisha fedha za hospitali na nyumba ya wasiojiweza. Alistaafishwa 1970, alipofika Sun Loong, urefu wa kama mita 100, aliyetengenezwa Hong Kong. Sun Loong naye akatembea mpaka 2019, akampisha Dai Gum Loong, zaidi ya mita 120, ambaye ndiye anayetoka sasa. Loong na Sun Loong wamo ndani ya Makumbusho ya Joka la Dhahabu, yaliyofunguliwa 1991 pale ulipokuwa mtaa wa Wachina. Kwa hiyo mfano wa Bendigo unaipinga kamati: wao kila mara joka likichoka WALIAGIZA JIPYA.

Na sababu ni ya kifundi. Joka kama lile lina magamba ya karatasi yenye vioo, hariri, shanga na fito. Kila hatua ya mbebaji inatikisa viungio vyote. Jasho, mvua ya ghafla, moshi wa fataki na cheche zake, na jua la mchana mzima. Kichwa cha simba hali ni mbaya zaidi, kwa sababu anayekibeba anakirusha juu na kupigapiga taya makusudi. Taya lenu limeshalegea. Dakika kumi za ngoma zitalimaliza.

(Tena waambieni watofautishe: simba huchezwa na watu wawili, joka hubebwa na kundi zima. Nimeona lebo zinazoita kimoja kingine.)

---

Mwanagenzi_7

Samahani, hapa nipinge kidogo. Simba alitengenezwa achezwe. Kumfungia kwenye kioo milele ni kumgeuza kitu ambacho waliomtengeneza hawakukikusudia. Mbona hekalu la Emu Point, lile jekundu la matofali la miaka ya 1870 pale pale Bendigo, bado watu wanaingia kuomba?

---

UziWaDhahabu

Hoja yako ina uzito, ndugu, ila ukuta wa matofali unavumilia moshi wa ubani na karatasi yenye miaka mia haivumilii kurushwa. Kinachorithiwa ni vitu viwili: kichwa chenyewe, na ujuzi wa kukicheza. Kichwa kikae, ujuzi utembee kwa kichwa kipya. Na uamuzi usiwe wa kamati ya sherehe wala wa mlinzi wa stoo peke yake. Familia na chama cha Wachina wa eneo hilo waulizwe KWANZA, na walichosema kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano: kitaonyeshwaje, nani anaruhusiwa kukishika, kama macho yake yamewahi kufunguliwa kwa ibada (yaani kutiwa nukta za rangi ili simba apate uhai) na kama kuna ibada inayotakiwa kabla ya kukistaafisha. Vitu vingine watasema visionyeshwe kabisa, hasa vibao vya mababu. Kubalini.

Mkiagiza kipya, hiki cha zamani ndicho ramani. Pimeni urefu, upana na kimo. Umbali kati ya fito. Kipenyo cha vioo na idadi yake kwa safu. Mahali mikono ya mchezaji inaposhika. Ndani ya kichwa mtaona pamepakaa weusi wa jasho kwenye fito mbili: hapo ndipo palipokuwa mikono. Msipasafishe kamwe. Ndiyo alama pekee iliyobaki ya waliokicheza.

Mwanga: luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), usizidi, na taa isiyo na miale ya urujuanimno. Lakini hata luksi 50 inakula, polepole tu. Kwa hariri yenye rangi dhaifu kiwango kinachopendekezwa ni luksi-saa 15,000 kwa mwaka. Kabati likiwaka saa 8 kwa siku, hizo ni 400 kwa siku, maana yake bajeti ya mwaka mzima inaisha kwa siku 37 na nusu. Kwa hiyo bendera ionyeshwe wiki tano, kisha ipumzike, picha yake ikae badala yake. Au taa iwake pale tu mgeni anapobonyeza swichi. Unyevu asilimia 45 hadi 55, na muhimu kuliko namba yenyewe ni kutoyumba. Kabati lisiwe la MDF mbichi (ubao wa nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi), linatoa asidi. Naftalini msitie.

Kichwa msikisimamishe juu ya taya. Tengenezeni nguzo ndani yake, yenye kitako kipana na tandiko la povu gumu la polietilini lililochongwa kufuata mianzi, uzito ukalie kwenye duara kuu la fito. Taya lishikizwe na tandiko dogo la peke yake. Godoro la sponji la kawaida hapana: baada ya miaka michache linageuka unga wa njano unaonata.

Namba: mtungi upakwe tabaka dogo la Paraloid B-72 (vanishi ya wahifadhi inayoweza kuondolewa) iliyoyeyushwa kwa asetoni, chini au mahali pasipoonekana, namba kwa wino, kisha tabaka jingine juu. Bendera ishonewe kipande cha utepe wa pamba chenye namba kwenye pindo, mishono miwili mitatu tu. Kichwa kifungwe lebo ya uzi kwenye fito, msiandike juu ya karatasi. Kisha ingizeni vyote Victorian Collections, orodha ya mtandaoni ya vitu vya makumbusho ya Victoria, ni bure kwa makumbusho ya jamii na watafiti wanatafuta humo.

---

MlinziWaStoo

Nimeelewa, nimeshamwandikia mwenyekiti wa chama cha Wachina kabla ya kuijibu kamati. La mwisho: vile vioo ishirini vikae wapi kwa sasa?

---

UziWaDhahabu

Kila kioo kwenye mfuko wake mdogo wa polithini wenye tundu la hewa, namba ya kichwa juu yake na herufi yake. Msivifute mgongoni. Ile rangi ya fedha nyuma inaweza kuwa na zebaki, na gundi iliyobaki inaonyesha kimetoka upande gani. Pigeni picha ya kichwa pande zote, chapisheni kubwa, mweke alama kila pengo lenye umbo la kioo, kisha mlinganishe kwa macho bila kugusisha. Vingi vitapata nyumba zao kwa umbo na rangi ya gundi. Visivyopata viandikwe "mahali hapajulikani" na vikae boksi moja na kichwa. Gundi ya dukani ikabidhiwe kwa anayetengeneza viti.